Profesa Arudi Kudai Kiti chenye Mgongo

Redio kinyozi alichomoka dukani kwake na gazeti mkono wa kushoto, mashine ya kunyolea mkono wa kulia. Nyuma yake akachomoka mteja mwenye shuka jeupe shingoni, upande mmoja wa kichwa unang'aa, upande wa pili bado msitu.

"Jamani, leo gazeti limeandika!" Redio akapaaza sauti. "Wamefanya utafiti wa miji inayopoteza wageni. Jiji linaloongoza, wageni wanaopotea kwa siku moja ukiwakusanya wanajaza uwanja wa mpira, na wengine wanabaki nje wakigombania geti!"

"Nani kawahesabu?" aliuliza Soli fundi viatu, misumari mitatu ikiwa mdomoni.

"Wataalamu."

"Mtu akishahesabiwa si ameonekana? Na aliyeonekana amepoteaje?"

"Soli, usiniharibie habari. Unajua ni jiji gani? Lile lile alikokwenda Profesa wetu!"

"Kaka, kichwa changu," alisema mteja.

"Kichwa chako hakiendi popote. Keti."

Kijiwe chenyewe ni kibaraza kilicho kati ya duka la kinyozi na meza ya Soli. Kina benchi moja refu lisilo na mgongo, kreti mbili za soda zilizopinduliwa, na kiti kimoja cha mbao chenye mgongo. Kiti hicho si cha kila mtu. Hukikalia aliyesafiri mbali kuliko wenzake, na ili ukipate lazima usimulie safari yako mbele ya watu, uulizwe maswali, na usibabaike. Mzee Balozi alikipata miaka thelathini na moja iliyopita, aliporudi ng'ambo alikopelekwa na kampuni ya malori kujifunza magari mapya. Siku ile ile Soli, kwa heshima ya cheo, alikipigilia upya kwa misumari yake ya viatu, na mpaka leo hujigamba kwamba hakijawahi kutikisika. Tangu hapo amejitokeza mshindani mmoja tu, muuza miamvuli aliyedai amepita nchi mbili. Ikagundulika alikwenda ukweni mazishini, akapotelea huko wiki nzima.

Balozi ana namna yake ya kukaa. Huegemea kushoto, bega moja juu, kiganja gotini, kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya ukutani. Vijana wa mtaa huita huko "kukaa kibalozi." Angalia picha za harusi za mtaa ule: bwana harusi kaegemea kushoto, wasimamizi wameegemea kushoto, utadhani nyumba imepinda.

Profesa naye si profesa. Ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa upimaji ramani, na kiti hicho amekitamani tangu darasa la tano. Mwaka huu alishinda shindano la wanafunzi la kuchora ramani, na zawadi ikawa siku nane katika jiji kubwa la ng'ambo, peke yake. Alirudi Jumapili. Leo ilikuwa Ijumaa. Siku zote hizo alipita uchochoro wa nyuma, kwa sababu aliyoyaona huko hayakufanana hata kidogo na picha alizokuwa akizirusha kwenye simu mtaa mzima uone.

Leo alijikaza. Alijibanza nyuma ya nguzo ya umeme akikariri mambo yake matatu makuu, mnara, treni na ukarimu wa wenyeji, mnara, treni na ukarimu wa wenyeji, mpaka Redio alipoona ncha ya kiatu.

"Huyo! Huyo nguzoni! Profesa, umerudi wewe mwenyewe, au ni mmoja wa wale waliojaza uwanja?"

Profesa akatoka, akavuta koti, akatembea kama mtu aliyekuwa akija siku zote. "Shikamooni, wazee. Redio, mambo?"

"Marahaba, mwanangu," Mzee Balozi akaitikia kutoka kitini. "Karibu. Msogezeeni kreti akae, apumue."

Upande wa pili wa kibaraza Shangazi, dada wa baba yake Profesa, alikuwa akikanyaga cherehani. Ndiye aliyemlea, na ndiye peke yake aliyepokea simu zake kutoka ng'ambo. Hakuinua kichwa. Cherehani iliendelea kunguruma, na Profesa akaona afadhali iendelee hivyo hivyo.

"Umekuja kusalimia au umekuja kudai?" Soli akauliza.

"Nimekuja kudai," Profesa akasema, na sauti ikamponyoka ikawa nyembamba.

Benchi zima likaguna. Redio akaizima mashine. Mteja, nusu kichwa, akaona hana haraka tena.

"Haya, safari iko mezani," Redio akatangaza. "Kiti kiko hatarini. Mzee Balozi, una neno?"

"Mimi sina neno," Balozi akasema kwa upole. "Aseme."

Profesa akakohoa. "La kwanza, mnara. Nilipanda mnara wa ghorofa tisini na mbili. Lifti inapaa mpaka masikio yanaziba. Ukifika juu, mawingu yako miguuni. Ndege unawaona utosini."

"Ndege ana utosi?"

"Ukiwa juu yake, anao."

"Picha," akasema Soli.

Simu ikapita mkono kwa mkono. Redio akapiga mluzi. "Ee bwana wee! Ndiye mwenyewe, na mnara nyuma yake. Amekenua kana kwamba ameujenga yeye."

Simu ikafika kwa Soli. Soli akaivua miwani, akaifuta kwa aproni, akaivaa tena. Hutazama soli ya kiatu hivyo hivyo kabla ya kumwambia mtu kwamba kiatu chake hakiponi.

"Profesa, mbona anga limebanduka hapa kwenye kona?"

"Limebanduka vipi?"

"Limejikunja. Na chini ya anga kuna ukuta. Na ukutani kuna swichi ya taa."

Cherehani ikanyamaza.

Profesa alihisi jasho likimtambaa mgongoni ndani ya koti. Na hapo, wakati kila mtu akingoja Balozi ammalize, Balozi akasema, "Inawezekana."

"Nini inawezekana, mzee?" Redio akadakia. "Anga kubanduka?"

"Ni ukungu huo. Ukungu wa miji mikubwa hujikunja pembeni. Niliuona kwa macho yangu."

"Na swichi?"

"Huko taa za barabarani huwashwa na yeyote apitaye. Ni watu waaminifu."

Nani angembishia Balozi kuhusu ng'ambo? Redio akakuna kidevu, Soli akarudisha simu kwa shingo upande, cherehani ikaanza tena kunguruma. Profesa akamtazama mzee kwa mshangao. Mtu aliyepaswa kumng'ang'ania kooni ndiye aliyemnyanyua.

"La pili," akaendelea, sasa kwa kujiamini kidogo, "treni ya chini ya ardhi. Nililizunguka jiji zima kwa treni. Mara nne."

"Mara nne? Ulisahau nini?"

"Sikusahau kitu. Mtu wa ramani lazima ahakiki."

"Ukihakiki mara ya kwanza, mara ya pili unahakiki nini?"

"Nahakiki uhakiki."

"Mwulizeni alishukaje," Shangazi akasema bila kugeuka, uzi mdomoni.

"Ehe, ulishukaje?" Redio akasogea.

"Si mlango unafunguka."

"Wenyewe?"

"Ukibonyeza kitufe."

"Na wewe ukabonyeza?"

Profesa akatazama viatu vyake. "Raundi ya tano."

"Raundi nne za mwanzo ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa..." Akavuta koti. "Nilikuwa nagonga ukuta. Nikisema, 'Shusha hapo!'"

Kicheko kilicholipuka hapo kilimwamsha hata paka wa Soli chini ya meza. Redio alijishika mbavu kwa mkono wenye mashine. Soli alitema misumari yake mitatu kiganjani, kwa sababu za usalama.

"Ulimgongea nani, Profesa? Konda yuko wapi chini ya ardhi?"

"Nilidhani yuko behewa la mbele!"

"Raundi nne! Wenzako wameshuka, wamekwenda kazini, wametoka kazini, wamepanda tena, wamekukuta bado unagonga!"

"Wawili walinikuta," Profesa akakiri. "Mmoja alinipungia mkono."

"Kugonga si kosa," Balozi akakatiza, akijisogeza kitini kwa shida, bega likipanda juu zaidi. "Kugonga ni lugha ya dunia nzima. Ni dereva tu hakuwa makini. Mimi nimeendesha lori, najua madereva. Endelea, mwanangu. Bado moja."

Redio akamtazama Balozi, akamtazama Soli, akanong'ona, "Mzee anaumwa?"

"La tatu," Profesa akasema, sauti ikiwa imerudi mahali pake padogo, "ukarimu wa wenyeji. Watu wa kule wana moyo. Walinipa chakula bila kuniuliza jina. Mzee mmoja alinipa nusu ya mkate wake. Mama mmoja akanipa chungwa. Tena lilikuwa limeshamenywa."

"Walikualika nyumbani kwao?"

"Hapana. Mle mle ndani ya treni."

Cherehani ikanyamaza tena, na safari hii Shangazi akageuka na kiti chake.

"Waambie ulifanya nini kwanza."

"Shangazi..."

"Waambie."

"Niliwasalimu."

"Uliwasalimu nani?" Redio akauliza.

"Behewa."

"Behewa zima?"

"Niliingia, nikakuta watu wamekaa. Sasa mtu unaingia mahali watu wamekaa, unapita tu kama upepo? Nikaanzia mlangoni. Mmoja mmoja. Kwa mkono. Si wewe mwenyewe uliyenilea hivyo, Shangazi? Nilipofika katikati wakaanza kupekua mifuko."

"Walidhani unaomba!" Redio akapiga ukelele.

"Nilijua walichodhani nilipokuwa nakula chungwa."

Hapo kijiwe kikavunjika mbavu. Redio alimwangukia mteja, wakaenda chini pamoja na shuka. Soli alicheka mpaka akakilaza kichwa juu ya kiatu cha watu. Hata Shangazi, aliyekwisha kuisikia hadithi hiyo kwenye simu, alijifuta machozi kwa kipande cha kitambaa cha mteja wake.

"Kiti hakitoki!" Redio akatangaza kutoka sakafuni. "Mwombaji wa kimataifa hapewi kiti!"

"Nyamazeni," Balozi akasema. "Kupewa mkate na mgeni asiyekujua ni heshima. Mimi kule sikupewa hata maji. Huyu kijana amepokewa. Na mnara amepanda, picha tumeiona, ukungu nimewaeleza..."

Profesa akamwangalia. Mzee alikuwa amejipinda kushoto kuliko kawaida, jasho jembamba juu ya mdomo, akihangaika kuutetea uongo ambao si wake. Kijana akaona haya kweli kweli. Alikuwa amekuja kumpora mzee wa watu kiti chake, na mzee huyo huyo ndiye anayemfunika. Kiti akakiona hakina thamani hiyo.

"Mzee, basi," akasema. "Usinitetee tena. Sijapanda mnara."

Redio akainuka sakafuni.

"Ile ni picha iliyobandikwa ukutani kwenye chumba cha hoteli. Nilisimama juu ya kitanda nikajipiga. Mnara wenyewe sijui uko upande gani. Siku ya kwanza nilitoka na ramani mkononi, mimi mshindi wa ramani, nikapotea kabla sijavuka barabara ya pili. Nilikuwa nimeishika juu chini. Na ubaya ni kwamba niliona haifanani, nikasema hawa watu wamelijenga jiji lao vibaya."

Hakuna aliyecheka, maana hakuna aliyetaka kumkatiza.

"Siku ya pili ndiyo ya treni. Usiku wake nilimpigia Shangazi, nikalia."

"Hukulia hapo hapo," Shangazi akamsahihisha kwa sauti ya upole. "Kwanza uliniambia nikusalimie watu. Jina kwa jina. Ukafika mpaka kwa paka wa Soli. Ndipo ukalia."

"Kwa paka wangu?" Soli akauliza.

"Kwa paka wako."

"Siku ya tatu," Profesa akaendelea, "nikasema liwalo na liwe, narudi hotelini nijifungie mpaka siku ya ndege. Nakata kona hivi, nasikia nyundo. Ko, ko, ko. Nikaujua mlio kabla sijajua niko wapi. Fundi viatu."

Soli akainua kichwa. "Wa mashine au wa mkono?"

"Wa mkono. Meza ndogo chini ya ngazi."

"Misumari anaweka wapi?"

"Mdomoni. Mitatu. Na anaongea nayo."

"Hamezi?"

"Hamezi."

"Huyo ni fundi," Soli akaamua.

"Pembeni yake kuna benchi. Wazee wanne. Mmoja anasoma gazeti kwa sauti, wengine hawamwachi amalize sentensi. Sikuelewa neno hata moja, wallahi, na nilielewa kila kitu. Yule msomaji anatia chumvi. Yule mnene anamwambia huo uongo. Fundi anauliza swali moja tu, msomaji anakasirika." Hapo Redio akajifanya anasafisha mashine yake. "Nikawasalimu wote kwa mkono. Wakaupokea. Hakuna aliyepekua mfuko. Wakasogea, nikapata nafasi ya kukaa. Nilikaa siku tano."

"Siku tano?"

"Asubuhi mpaka wanapofunga. Wakicheka, nacheka. Wakikasirika, nakunja uso. Siku ya mwisho waliniuliza kitu, nikatikisa kichwa, wakashangilia, sijui nimekubali nini. Hayo ndiyo mambo makuu ya safari yangu, jamani. Nimepanda ndege, nimevuka nusu ya dunia, nimekwenda kukaa kijiweni. Yale ya mwanzo nilikuwa nawadanganya."

Alijishika magoti, akangoja wamzomee.

"Kiti chenye mgongo kilikuwepo?" Balozi akauliza ghafla.

"Kilikuwepo, mzee. Na mwenyewe alikikalia."

"Alikaaje?"

Profesa akafikiri. "Sasa ndiyo nakumbuka. Aliegemea kulia."

"Kulia," Balozi akarudia, akitikisa kichwa kwa huruma. "Maskini."

Redio akasafisha koo. "Mimi kwa kweli nimeguswa. Lakini kanuni ni kanuni. Mtu hakuona mnara, alikwama treni, alikula chungwa la sadaka. Sioni vipi..."

"Anapewa," Balozi akasema, na akainuka.

Aliinuka haraka mno. Magoti yake, ambayo mtaa mzima unayajua kwa malalamiko, hayakulalamika. "Miaka thelathini na moja nasikia watu wakisifia minara hapa," akasema, sauti ikitetemeka. "Na mimi nikiwemo. Nani amewahi kurudi na kuwaambia kwamba alipotea? Huyu amekwenda mbali kuliko mimi. Mimi kule sikukaa na mtu hata siku moja, niliogopa. Kiti ni chake. Njoo, mwanangu."

Akatoa leso, akakipangusa kiti, upande wa kushoto tu.

Profesa akasimama, machozi yakimlengalenga. Shangazi akapiga vigelegele. Mteja, nusu kichwa, akapiga makofi chini ya shuka. Soli aliweka nyundo mezani na kumtazama kijana akikikaribia kiti kile, uso umejaa fahari ya fundi anayeona kazi yake ikirithiwa nzima.

Profesa akakaa, kwa uzito wake wote.

Upande wa kulia ncha ya msumari ikampokea. Ilipita koti, ikapita suruali, ikafika kwenye nyama. Pumzi ikamkata. Akageuza macho taratibu, akamwona Mzee Balozi kwenye benchi. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja mzee alikuwa amekaa wima, kwa pande zote mbili, mabega sawa, uso umelegea kwa raha. Alikuwa anatazama mbinguni kama mtu asiyehusika.

Nyundo ya Soli ilikuwa hatua mbili kutoka pale. Neno moja tu lingetosha.

"Kimetikisika?" Soli akauliza, akitabasamu. "Sema kweli. Kimetikisika?"

Profesa akamtazama fundi, nywele zote nyeupe, akingoja jibu.

"Hakijatikisika, mzee wangu," akasema. "Kimeshika haswa."

Akaegemea kushoto. Bega moja likapanda juu lenyewe. Akaweka kiganja gotini ili ajizuie.

"Oneni!" Redio akaruka. "Hajamaliza dakika, tayari anakaa kibalozi! Yaani cheo kiko kwenye damu!"

"Na hayo machozi?" Shangazi akauliza.

"Ya furaha, Shangazi."

"Kaka, kichwa changu," mteja akakumbusha. Redio akamrudisha dukani, akiwa bado anasimulia. Shangazi akaikanyaga cherehani yake. Soli akarudisha misumari mitatu mdomoni na kuchukua kiatu kingine.

Balozi akaupitisha mkono juu ya bega la kijana, lile lililokuwa juu, akamsogelea sikioni.

"Vumilia, mwanangu," akanong'ona. "Miaka kumi ya kwanza ndiyo migumu."